Uchambuzi: Dawa moja, majibu mawili na funzo kwa hospitali za kanda yetu

Nembo ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima matokeo ya tafiti za afya, ina mistari midogo ya mlalo. Kila mstari unawakilisha jaribio moja la tiba, na yote yanajibu swali moja: je, mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akidungwa sindano ya kotikosteroidi, mapafu ya mtoto wake njiti yatakomaa upesi na kumwokoa?

Jibu la kwanza lilitoka New Zealand mwaka 1972, pale watafiti Liggins na Howie walipoonesha kuwa sindano hiyo inasaidia. Majaribio mengine yakafuata, lakini mengi yalikuwa madogo na hayakuwashawishi madaktari. Ni mwishoni mwa miaka ya 1980 tu ndipo yalipokusanywa na kuhesabiwa kwa pamoja, na faida ikadhihirika. Cochrane, iliyoundwa Uingereza mwaka 1993, inakadiria kuwa huenda makumi ya maelfu ya watoto njiti waliteseka na kufa bila sababu, kwa kuwa ushahidi uliokuwepo haukuwa umejumuishwa.

Hiyo ndiyo nguvu ya mapitio ya kimfumo: kutafuta tafiti zote, wala si zile zinazopendeza tu, kupima ubora wa kila moja, kisha kuunganisha takwimu zake.

Hata hivyo, wastani una tabia ya kuficha mambo. Majaribio mengi ya awali yalifanyika katika hospitali za nchi tajiri. Mwaka 2015, utafiti uitwao ACT, uliohusisha takriban uzazi 100,000 katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, ulileta mshangao. Sindano hiyo iliposambazwa hadi ngazi ya jamii, vifo vya watoto wadogo mno havikupungua, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Umri wa mimba ulikuwa mgumu kuupima, na wengi waliodungwa hawakujifungua watoto wadogo kiasi hicho.

Je, dawa ilikuwa mbaya, au mazingira ndiyo yaliyobadilika? Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitafuta jibu kwa jaribio jingine, ACTION-I, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan. Safari hii umri wa mimba ulithibitishwa kwa kipimo cha ultrasound. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kuwa miongoni mwa watoto ambao mama zao walipewa deksamethasoni, asilimia 19.6 walifariki, dhidi ya asilimia 23.5 ya wale ambao mama zao hawakuipata.

Kwa hiyo mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unapendekeza dawa hiyo kwa masharti: umri wa mimba ujulikane kwa usahihi, mama asiwe na dalili za maambukizi, na pawepo huduma ya kutosha kwa uzazi na kwa mtoto njiti.

Mbinu za kujumuisha ushahidi zinazidi kuimarika. Mfumo wa GRADE humlazimu mchambuzi kujiuliza kama matokeo yaliyopatikana kwa wagonjwa fulani yanawahusu kweli wale wanaokusudiwa. Mapitio endelevu, yaliyoenea wakati wa UVIKO-19, huongezewa tafiti mpya kila zinapotokea. Aidha, baada ya utafiti mmoja mkubwa kuhusu dawa ya ivermectin kuondolewa mwaka 2021 kwa shaka juu ya takwimu zake, wachambuzi wengi sasa huhakiki uaminifu wa jaribio kabla ya kulijumlisha.

Lakini hakuna mbinu iwezayo kujumlisha utafiti ambao haukufanyika. Iwapo wagonjwa wa kanda yetu hawamo katika majaribio, mwongozo utakaotufikia utakuwa umepimwa kwa hali za watu wengine. Kenya ilishiriki katika tafiti zote mbili, na bila nchi kama hiyo huenda swali hili lisingepata jibu linalotufaa.

Serikali zinazochukua miongozo ya kimataifa zina wajibu wa kuuliza imetoka kwa wagonjwa gani, na kuwekeza katika vipimo vya mimba na vyumba vya watoto njiti. Bila hivyo, sindano iliyowaokoa watoto katika hospitali moja inaweza kuwadhuru katika kituo cha afya cha jirani.