DPF Haina Makosa, Iacheni Mahali Pake

Katika gereji za Thika Road, kuanzia Kihunguro hadi Makongeni, mwenye gari la dizeli hupewa ushauri mmoja kabla hata boneti haijafunguliwa: toa DPF, yaani chujio la masizi ya moshi. Taa imewaka kwenye dashibodi, gari limekuwa zito kupanda, na fundi ana jibu tayari. Chujio linafunguliwa, linatobolewa katikati, linarudishwa likiwa ganda tupu. Kompyuta ya gari inaandikwa upya ili isiulize tena. Mteja anahakikishiwa kwamba sasa gari litavuta vizuri na kula mafuta kidogo, na kwamba kifaa kile kilitengenezewa Ulaya, kwenye baridi na sheria nyingi, kwa hivyo huku kwetu hakina kazi.

Imani hii nimeisikia kwa watu wenye akili timamu, wazazi wanaolipa karo na kuwanunulia watoto wao inhela za pumu. Ni imani potovu, na inaumiza watu.

Hilo la Ulaya ndilo jepesi kulijibu. Magari yetu mengi hutoka Japani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliinua mbele ya wanahabari chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli, akaitikisa ili watu wa mji wake waone wanachovuta. Kuanzia Oktoba 2003, malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango kipya cha masizi yalipigwa marufuku kuingia Tokyo na mikoa jirani. Mwenye gari kuukuu aliweka chujio au alitafuta gari jingine. Chujio hilo lilipiganiwa na watu waliochoka kukohoa, wanaoishi kwenye msongamano wa magari kama wetu wa Githurai.

Sasa tuingie ndani ya injini, maana hapo ndipo ushauri wa gereji unapoharibikiwa kabisa. Dizeli huokoa mafuta kwa sababu hugandamiza hewa kwa nguvu na kuchoma kwa joto kali. Joto hilo hilo huzaa oksidi za naitrojeni, gesi zinazochokoza mapafu. Ili kuzipunguza, wahandisi hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini kupitia mfumo uitwao EGR, joto linashuka, gesi zinapungua. Lakini moto uliopoa huacha masizi zaidi. Ukibana huku, kunafumuka kule. Kwa hiyo walioitengeneza injini hiyo waliiruhusu itoe masizi wakijua kuna chujio mbele litakaloyadaka, zaidi ya chembe 90 katika kila 100. Ukiling'oa, unabaki na injini iliyopangwa kutoa masizi na huna cha kuyazuia, nayo itatoa mara 10 au zaidi ya ilivyokuwa ikitoa. Fundi akiiziba na EGR pia, kama wengi wafanyavyo siku hiyo hiyo, zile gesi nazo zinapanda. Mwaka 2012 Mazda walishusha mgandamizo wa dizeli yao hadi 14 kwa 1 ili gesi zipungue bila kifaa cha kuzisafisha. Hata wao chujio waliliacha mahali pake. Na mwaka huo huo wa 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Nakubali kwamba zamani mafundi walikuwa na hoja. Dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, na salfa ni adui wa vifaa hivi. Lakini kiwanda cha Changamwe, kilichotoa sehemu ya dizeli hiyo, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya sehemu 50 za salfa kwa milioni. Haikufikia 10 ya Ulaya, ila si lile tope la zamani.

Kinachoziba chujio la mtu wa Ruiru ni safari zake. Masizi huchomwa ndani ya chujio kwa joto la karibu nyuzi 600, na injini hulifikia joto hilo gari likikimbia mfululizo kwa muda. Anayetoka Membley kupeleka mtoto shule, akapitia Kamakis, akakwama kwenye bypass na kurudi nyumbani, hachomi kitu. Kila asubuhi anaanza kuchoma na kukatiza. Gari lililoingia nchini likiwa na miaka saba pia huja na majivu ya oili ndani ya chujio, na majivu hayachomeki kwa mwendo wowote. Hayo huondolewa kwa kulifungua chujio na kulisafisha kwa mashine, kisha kuweka oili isiyoacha majivu mengi. Gharama ipo. Kama huiwezi, na safari zako ni hizo fupi, nunua petroli au haibridi. Dizeli inamfaa anayekwenda Mombasa au Eldoret mara kwa mara.

Wako watakaonikumbusha Volkswagen, iliyokamatwa Septemba 2015 na programu ya kudanganya vipimo katika magari milioni 11. Kweli, na serikali za Ulaya nazo zilikosea. Uingereza, kuanzia 2001, ilipanga ada ya barabara hasa kwa kuangalia kaboni, watu wakakimbilia dizeli na hewa ya miji ikachafuka. Mimi nasoma hapo kwamba sheria inayopima kitu kimoja huacha mlango wazi kwa kingine. Sisi hata hicho kimoja hatupimi: mamlaka ya kodi ya Kenya, KRA, hutazama ukubwa wa injini na thamani ya gari, na kwa miaka mingi ukaguzi wa kila mwaka wa mamlaka ya usafiri, NTSA, umehusu magari ya abiria na ya mizigo. Gari la kibinafsi likishaingia, ni nadra mtu kuchungulia bomba lake. Uingereza tangu Februari 2014 gari lililotengenezwa na chujio likikutwa bila chujio linaanguka ukaguzi. Sharti hilo halihitaji maabara, ni tochi ya kutafuta alama za kutobolewa na mkaguzi asiyehongwa, na NTSA inaweza kulianza kwa magari inayoyakagua tayari, kisha yafuate yetu ya nyumbani.

Najua jibu litakalotoka: malori ya mawe ya Ndarugo yanafuka moshi kuliko mimi. Yanafuka, na yabanwe. Lakini mengi ya malori hayo hayakuwahi kuwa na chujio. Wewe ulilikuta ndani ya gari ulilolilipia ushuru Mombasa, kisha ukamlipa fundi alitoboe, na mama anayeuza ndizi kwenye stage ya Ruiru anauvuta moshi huo tangu alfajiri mpaka jioni, na gari hana.