Viraka vya programu za simu: Nani ashike ufunguo?

TUCHUKULIE mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa chenye programu yake ya simu. Mkulima anafungua simu na kuona kilo alizopeleka ghalani, bei ya siku na malipo anayostahili. Asubuhi moja, msimu ukiwa umepamba moto, programu inakosea hesabu. Badala ya kuzidisha kilo kwa bei ya daraja la kwanza, inatumia bei ya daraja la mwisho. Ikifika saa nne, wakulima wamejaa mlangoni mwa ofisi ya chama wakiamini kwamba wamepunjwa.

Mtaalamu wa kompyuta anaigundua kasoro hiyo haraka na kuirekebisha kwa mstari mmoja tu wa maagizo. Kazi inayobaki ni kuufikisha mstari huo kwenye simu za wanachama wote.

Kwa utaratibu wa kawaida, toleo jipya la programu hupelekwa kwanza kwenye duka, yaani App Store ya kampuni ya Apple au Play ya kampuni ya Google, ili likaguliwe. Apple inasema kwamba kwa wastani asilimia 90 ya maombi hukaguliwa ndani ya saa 24. Google kwa upande wake inatahadharisha kuwa ukaguzi unaweza kuchukua siku saba, au zaidi katika mazingira ya pekee. Hata ukaguzi ukipita, bado mwenye simu anapaswa kulipakua toleo hilo, na wengi huahirisha kwa kuogopa kumaliza bando au kwa sababu simu imejaa.

Waswahili husema haraka haraka haina baraka, lakini kiongozi wa ushirika ambaye wanachama wake wamesimama mlangoni hawezi kusubiri wiki nzima. Ndiyo maana kampuni nyingi za programu zimegeukia njia ya mkato, ambayo ni kutuma kiraka moja kwa moja kwenye simu ya mteja bila kupita dukani.

Njia hiyo inawezekana kwa sababu programu nyingi za siku hizi zina sehemu mbili. Ya kwanza ni kiunzi kinachofungwa pamoja na kukaguliwa na duka. Ya pili ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha kama JavaScript, ambayo kiunzi huyasoma na kuyatekeleza. Programu inapofunguliwa huuliza seva ya mwenye programu kama kuna maagizo mapya. Yakiwapo, huyapakua kimyakimya, na safari nyingine mteja anapoifungua hukuta kasoro imeondoka. Mara nyingi mzigo huo ni mdogo kuliko programu nzima, jambo ambalo ni nafuu kwa mwenye bando dogo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si geni kabisa. Anayepiga *150*00# kupata huduma ya M-Pesa nchini Tanzania huona menyu inayotoka kwenye mitambo ya kampuni. Ikibadilishwa huko, wateja wote huiona mpya bila kupakua chochote. Tofauti ni kwamba menyu ya namna hiyo haiwezi kufungua kamera ya simu wala kusoma orodha ya majina ya marafiki. Programu iliyopewa ruhusa na mwenye simu inaweza, na hapo ndipo suala la usalama linapoingia.

Mkaguzi wa duka huipitia programu jinsi ilivyo siku ile. Kinachotumwa baadaye kwa njia ya mkato hakioni. Mlango uliopitisha kiraka cha bei ya kahawa unaweza kupitisha jambo jingine kabisa.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea Marekani mwaka 2020. Kampuni ya Epic Games, inayomiliki mchezo wa Fortnite, ilikuwa ikilalamikia ushuru wa asilimia 30 ambao Apple na Google zilikuwa zikitoza wakati huo katika mauzo yanayofanyika ndani ya programu. Mwanzoni mwa Agosti, Epic ilipeleka Apple toleo lenye njia yake yenyewe ya malipo, ikiwa imefichwa na kuzimwa. Wakaguzi hawakuitambua. Agosti 13 Epic iliiwasha kutoka kwenye seva zake. Wachezaji walikuta bidhaa iliyouzwa dola 9.99 kupitia Apple ikiuzwa dola 7.99 wakilipa moja kwa moja kwa Epic.

Siku hiyohiyo Apple na Google ziliuondoa mchezo huo katika maduka yao, na Epic ikafungua kesi. Septemba 2021 Jaji Yvonne Gonzalez Rogers alikataa hoja nyingi za Epic dhidi ya Apple, ingawa alipinga baadhi ya masharti ya Apple. Kwa kuwa Epic ilikuwa imevunja mkataba, ililipa Apple dola milioni sita. Fortnite ilirudi kwenye App Store ya Marekani Mei 2025, karibu miaka mitano tangu iondolewe.

Mtu anaweza kuiona Epic kuwa shujaa aliyepambana na wakubwa, au mkorofi aliyevunja mkataba kwa makusudi. Kwa vyovyote vile, tukio hilo lilidhihirisha kwamba njia ya malipo ndani ya programu inaweza kubadilishwa kwa siku moja, bila mkaguzi kujua. Safari hii mteja alipata punguzo. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuelekeza fedha kwenye akaunti yake.

Maduka hayakukaa kimya. Machi 2017 Apple iliwaonya watengenezaji waliokuwa wakitumia vifaa vilivyoweza kubadili programu kutoka mbali hadi kwenye kiunzi chenyewe, ikawataka waviondoe. Hata hivyo, kanuni zake hazikufunga mlango wote. Maagizo ya aina ya JavaScript yanaruhusiwa kupakuliwa, mradi yasibadili kusudi la msingi la programu. Google nayo inakataza programu kujisasisha nje ya utaratibu wa Play, lakini inaacha nafasi kwa maagizo yanayosomwa na mkalimani ndani ya programu, ambayo hayawezi kuufikia mfumo wa simu moja kwa moja. Kwa maneno mengine, kusahihisha hesabu ya bei ni halali, ilhali kugeuza programu ya kahawa kuwa ya kukopesha fedha si halali.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye biashara huisahau, nayo ni kumtegemea mwenye barabara. Kwa miaka mingi watengenezaji wengi walituma viraka kupitia huduma ya CodePush ya kampuni ya Microsoft. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kuifunga, na Machi 31, 2025 ikafungwa. Microsoft iliacha wazi maandishi ya seva hiyo ili anayetaka aiendeshe mwenyewe, lakini kazi hiyo inahitaji mtaalamu na fedha. Wengine walilazimika kuhamia kwa watoa huduma wengine.

Je, ushirika au mfanyabiashara wa kati afanye nini? Kuikataa njia hii si jawabu, kwa sababu kasoro ya bei inayodumu wiki nzima katikati ya msimu ni hasara na huvunja imani. Anachopaswa kufanya ni kumbana anayemtengenezea programu kabla ya kutia saini mkataba.

Kwanza, aulize ni nani anayeweza kutuma kiraka. Isiwe kijana mmoja mwenye nywila moja, bali watu wawili, mmoja atume na mwingine aidhinishe. Pili, kila kiraka kiwe na saini ya kidijitali, ili simu ikatae kilichotoka kwa mtu mwingine. Tatu, kitumwe kwanza kwa wateja wachache, kisha kwa wote, na kuwe na njia ya kurudi toleo la zamani mambo yakiharibika. Nne, kumbukumbu ya kila badiliko itunzwe, na mkataba useme ufunguo ni mali ya nani endapo mtengenezaji ataondoka.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022. Kiraka kinachoanza kukusanya namba za simu za wanachama kinamgusa mwenye programu, hata kama aliyekiandika ni fundi wa kukodi.

Wakaguzi wa hesabu za vyama vya ushirika wamezoea kuuliza nani anatia saini hundi. Kwa chama kinachowaonyesha wakulima malipo yao kwenye simu, sasa waulize pia nani anayeweza kubadili hesabu hiyo usiku, wanachama wakiwa wamelala.