Kipimajoto cha paji la uso kisiachiwe kazi yote

Mhariri,

Tangu Korona iingie nchini Machi 2020, kisha Marburg izuke mkoani Kagera mwaka 2023 na tena Biharamulo Januari 2025, kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso kimezoeleka. Kwa foleni ya abiria kinafaa: sekunde moja, bila kugusana.

Tatizo ni homa ndogo.

Kifaa hiki husoma miali ya joto inayotoka kwenye ngozi, si joto la ndani ya mwili. Mtoto anayefikishwa zahanati hapa Magu kwa bodaboda, upepo wa ziwa ukimpiga na jasho likimkauka usoni, anaweza kuwa na 37.8 kifaa kikasoma 36.5. Aliyesimama juani saa saba, naye, huonekana mgonjwa ilhali mzima wa afya!

Basi mgonjwa apumzike kwanza kivulini, paji likaushwe, na anayetiliwa shaka apimwe kwapani. Na mama akisema mwanawe alichemka usiku, kanda hii yetu ya malaria inadai kipimo cha haraka kifanyike hata namba ikiwa nzuri.

Msomaji,
Magu, Mwanza