Hati Yenye Makosa Isijibiwe kwa Hongo

Dereva akabidhiwapo hati ya mashtaka ya kuendesha kwa kasi, nayo ina nambari ya gari lisilo lake au inataja mahali ambapo hakupita, mara nyingi hukimbilia njia mbili: kutoa kitu kidogo, au kukiri ili yaishe. Sisi tunazikataa zote mbili.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 50, yampa kila mshtakiwa haki ya kuelezwa shtaka kwa ukamilifu unaotosha kulijibu. Nayo Sheria ya Trafiki hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa makisio ya shahidi mmoja tu kuhusu kasi ya gari.

Lakini tusijidanganye. Herufi moja iliyokosewa haifuti kesi, na mahakama ina mamlaka ya kuirekebisha hati. Kwa hiyo kosa litajwe mapema. Mshtakiwa akane shtaka, adai kuonyeshwa ushahidi, na afike mahakamani siku aliyopangiwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunaodai serikali ya haki hatuwezi kuinunua haki hiyo barabarani.