Hatua ya Sita

Katika Hatua Saba za kushirikishana Neno, zilizotungwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini na kuzoeleka katika jumuiya ndogondogo za Afrika Mashariki, ipo moja inayorukwa kwa urahisi kuliko nyingine zote. Wanajumuiya humkaribisha Bwana, husoma Injili, hurudia maneno yaliyowagusa, hukaa kimya, kisha hushirikishana. Wakifika hatua ya sita, inayowataka wajadiliane ni kazi gani Bwana anawatuma kuifanya hapo mtaani, mwenyekiti hutazama saa. Daftari la michango linafunguliwa: zaka, ujenzi wa nyumba ya mapadre, rambirambi, zawadi ya paroko. Inafuata sala ya kufunga, na kila mmoja anashika njia ya kwake.

Toleo hili linaitetea hatua hiyo. Kanisa lisilozoea kukaa pamoja na kung'amua la kufanya siku za utulivu haliwezi kupata sauti ya amani siku mapanga yanaponolewa. Semina za amani, maandamano na nyaraka za maaskofu vina nafasi yake, lakini haviwezi kuziba pengo la watu ambao hawajawahi kuamua jambo zito wakiwa wamekaa duara moja.

Waliozianzisha jumuiya hizi waliona mbali. Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya jumuiya hai mapema, mwaka 1961. Wenzao wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliijadili njia hiyo Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakazifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Tanzania ilikuwa katika miaka ya ujamaa, na Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alikwenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga, akila na kulima nao. Lengo halikuwa kuigawa parokia katika vituo vya kukusanyia fedha. Lilikuwa kuwapa majirani mahali pa kuisoma Injili wakiyatazama maisha yao, kisha watende.

Kenya ilipata mtihani wake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata, ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto. Waumini waliokuwa wakiimba kwaya moja walijikuta pande mbili. Mwezi Februari, Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, likaomba radhi.

Kukiri huko kulihitaji ujasiri, na kunastahili heshima hadi leo. Hata hivyo, swali linabaki. Ugomvi wa ardhi ya Bonde la Ufa haukuwa siri. Damu ya chaguzi za 1992 na 1997 ilikuwa bado inakumbukwa, na mambo hayo yalizungumzwa sokoni, kwenye matatu na katika vikao vya wazee wa kila kabila peke yao. Mahali ambapo hayakuzungumzwa ni pale ambapo Mkikuyu na Mkalenjin walikuwa wameketi pamoja wakiwa na Biblia mikononi. Adabu ilishinda ukweli.

Mwishoni mwa Januari 2008, wakati magharibi mwa Kenya hali ilikuwa bado ya hofu, Marafiki, yaani Wakweka, walikutana Kakamega. Dhehebu hilo lilifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Katika mapokeo yao mikutano ya shughuli haipigi kura. Karani husikiliza, huandika kile anachoona mkutano umekifikia, kisha hukisoma papo hapo. Akiwapo mtu ambaye moyo wake haujatulia, hasukumwi kando kwa sababu yuko peke yake. Mkutano hurudi kwenye ukimya na kusikiliza tena. Huchosha, na mara nyingine huchukua miezi.

Kutoka Kakamega ilizaliwa kazi ya timu za amani za Kanisa la Marafiki. Walianza na chakula na blanketi kwa waliopoteza makazi. Kisha wakafanya jambo ambalo mashirika mengi hayakuwa na muda nalo: waliketi kusikiliza, katika kambi za wakimbizi wa ndani na katika vijiji vya eneo la Turbo ambako wakimbizi hao walikuwa wamefukuzwa. Hawakuwa wakianza kutoka sifuri. Huko Rwanda na Burundi, Marafiki walikuwa wameanzisha mafunzo ya siku tatu ya uponyaji na kujenga upya jamii, ambapo watu ishirini huketi chumba kimoja, kumi wa upande huu na kumi wa upande ule: walionusurika pamoja na waliotoka gerezani au jamaa zao. Siku ya kwanza wengi hawatazamani usoni. Hakuna anayelazimishwa kusamehe. Kila mmoja husikilizwa mpaka amalize.

Marafiki si malaika. Mkutano wao wa Mwaka wa Afrika Mashariki, ulioundwa mwaka 1946, baadaye uligawanyika mara kadhaa, na migawanyiko mingine iliacha vidonda. Utaratibu mzuri hauzuii ubishi wa vyeo na mali. Lakini dhoruba ilipokuja, walikuwa na desturi ya kurejea, na wakairejea.

Kaskazini mwa Uganda mfano ni mwingine. Viongozi wa dini wa Acholi, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, waliunda umoja wao wa amani mwishoni mwa miaka ya 1990, vita vya waasi wa Joseph Kony vikiwa vimepamba moto. Mmoja wao, Askofu Macleod Baker Ochola wa Kanisa la Uganda, alimpoteza mkewe kwa bomu la ardhini mwaka 1997. Mtu kama huyo angeeleweka kama angedai kisasi. Badala yake yeye na wenzake walitetea sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000, kwa sababu walikuwa wamewasikiliza wazazi wa Acholi wakieleza jambo ambalo makao makuu ya jeshi hayakulisikia: wengi wa wapiganaji hao walikuwa watoto wao waliotekwa.

Mwezi Juni 2003, maelfu ya watoto walikuwa wakitembea kila jioni kuingia mjini Gulu ili wasitekwe usiku. Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake walikwenda kulala nje pamoja nao kwa usiku nne. Dunia ilianza kutazama, na mwaka 2004 umoja huo ukapewa Tuzo ya Amani ya Niwano. Wengi huikumbuka tuzo na zile picha za maaskofu wakiwa na mablanketi. Kinachosahaulika ni miaka ya vikao iliyotangulia, ambamo shehe na askofu walijifunza kutotoa tamko kabla hawajakubaliana.

Mfano mgumu kuliko yote unatoka Rwanda, nchi ambayo watu wake wengi walikuwa wamebatizwa na ambako mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, watu waliuawa ndani ya makanisa yenyewe, Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Katika parokia ya Mushaka, jimbo la Cyangugu, Padre Ubald Rugirangoga, ambaye jamaa zake zaidi ya 80 waliuawa, hakukubali waliohukumiwa kwa mauaji warudi kwenye Komunyo kimyakimya. Aliwaandalia mafundisho ya miezi sita, ambayo mwisho wake ni kuomba msamaha mbele ya parokia na mbele ya familia walizoziumiza. Walionusurika nao walikuwa na safari yao ya kusindikizwa. Yeye mwenyewe aligharamia masomo ya watoto wa mtu aliyehusika na kifo cha mama yake. Alifariki Januari 2021, lakini Mushaka imeonyesha kwamba parokia inaweza kuweka ukweli na rehema kwenye meza moja bila kukitoa kimojawapo sadaka.

Turbo, Gulu na Mushaka zinafanana katika mambo matatu. Mtu wa upande wa pili alikuwa ndani ya duara. Hakusemewa na mwingine. Muda ulitolewa, hata pale wafadhili na wanasiasa walipotaka matokeo ya haraka. Na mazungumzo yalizaa kazi inayoonekana, iwe blanketi, sheria au mafundisho ya miezi sita. Jambo hilo la tatu ndilo hatua ya sita.

Wapo wanaohofu kwamba kung'amua pamoja kutaligeuza Kanisa kuwa bunge na kumnyang'anya mchungaji mamlaka yake. Hofu hiyo isipuuzwe. Hata hivyo, Sinodi ya Kanisa Katoliki iliyofunguliwa mwaka 2021 na kukamilisha hati yake ya mwisho Oktoba 2024 haikuwaondolea maaskofu wajibu wa kuamua. Ilidai kwamba anayeamua awe amesikiliza kwanza, na kwamba akienda kinyume na ushauri aliopewa aeleze sababu. Paroko anayefika kwenye halmashauri ya walei na uamuzi uliokwisha kuchapwa hailindi mamlaka yake. Anawazoesha waumini kunyamaza, na waumini waliozoea kunyamaza kanisani hawatasimama kumzuia kijana mwenye petroli mkononi.

Hatari nyingine ni jumuiya ya kabila moja. Katika miji na mashamba mengi, majirani ni wa lugha moja, na jumuiya inafuata ramani ya makazi. Hapo hakuna wa kumsikiliza isipokuwa aliyefanana nasi. Dawa ipo, na haihitaji fedha: jumuiya mbili za pande tofauti za barabara zikutane mara moja kwa mwezi, na hatua ya sita ifanywe kwa pamoja.

Kenya inarudi kwenye uchaguzi mkuu mwaka 2027. Huo ndio muda uliopo. Wasomaji walio viongozi wa jumuiya wanaombwa kulifunga daftari la michango kwa nusu saa katika mkutano wao ujao na kuuliza kwa sauti ni jambo gani la mtaa huu ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja hapa. Majibu yaandikwe, kazi igawanywe kwa majina, na mkutano unaofuata uanze kwa taarifa ya kilichofanyika.