Visima vyetu vipimwe kabla pampu za mgodi hazijawashwa

Kanda ya Ziwa tunaijua migodi ya mashimo ya wazi, hasa tangu Geita ianze kuzalisha dhahabu mwaka 2000. Shimo likifika chini ya usawa wa maji ya ardhini, maji hujaa, na mwekezaji hulazimika kuyavuta kwa pampu. Usawa wake hushuka kama faneli kuzunguka mgodi, na kisima cha mkulima jirani kinaweza kukauka.

Wataalamu hukadiria upana wa faneli hiyo kwa kompyuta. Programu ya MODFLOW ya Marekani, inayotumika tangu miaka ya 1980, hugawa ardhi katika vyumba vidogo na kukokotoa maji yanayopita toka kimoja hadi kingine.

Lakini kompyuta hujibu kulingana na vipimo iliyopewa. Ikipewa vya ndani ya uzio tu, haitaujua ufa wa mwamba unaoelekea kijijini.

Kwa hiyo wananchi tudai mambo mawili. Kina cha maji visimani kipimwe masika na kiangazi kabla ya pampu kuwashwa, na makadirio yasomwe kwenye mkutano wa kijiji. Bila kipimo cha awali, mkulima atadai fidia kwa ushahidi gani?