Gitaa la kati limepotelea wapi?

Duka la vifaa vya umeme pale Mwanga, Kigoma mjini, halihitaji bango. Sabufa imewekwa barazani, flashi imechomekwa, besi imefunguliwa hadi mwisho, na vioo vya kabati la simu vinatetemeka. Mteja anasimama, anasikiliza kidogo, anauliza ina wati ngapi. Muuzaji anamgeuzia boksi lenye maandishi makubwa ya PMPO 10,000, na biashara imekwisha.

Hesabu ya wati hizo haichukui dakika mbili. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Wati 10,000 kwa volti hizo zinadai ampea 43 hivi, ilhali plagi ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13, yaani wati kama 3,000. Sabufa ya namna hiyo ingekula uniti 10 za LUKU kila saa, na arusi moja ingemaliza mshahara. Aliyenunua aache boksi, aigeuze sabufa yenyewe na kusoma kibandiko cha nyuma, kwenye kiasi cha umeme inachotumia. Mara nyingi atakuta wati 40, 60, pengine 100. Kinachotoka kwenye spika hakiwezi kudumu kikizidi kilichoingia kutoka ukutani. Tarakimu yenye maana ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu inayodumu, nayo kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo, kama imeandikwa kabisa.

Mji huu ulilelewa na muziki mwingine. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, na kabla ya simu na flashi rumba ilivuka maji kwa mawimbi ya redio, kwa santuri na kwa kaseti. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliingia Tanzania mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akang'ara na Super Matimila. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Habari hiyo haikuwa na jipya kwa mzee wa Ujiji aliyezeeka na redio yake dirishani.

Anayemjua Franco na bendi yake ya TPOK Jazz anajua kwamba magitaa ya rumba hujibizana. Solo linaongea, rithimu inaitikia, na katikati yao kuna lile ambalo Wakongo huliita mi-solo, linaloshona nafasi iliyoachwa wazi. Hilo la kati ndilo linalouawa na sabufa ya dukani. Sababu yake ni ya kimaumbile. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, ule wa gitaa la kawaida mara 82, na sauti ya mwanamume akiimba iko jirani na hapo kwenda juu. Spika ndogo za pembeni za sabufa, zenye koni ya inchi tatu, hazina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti hizo nzito za kati. Kazi inatupiwa boksi la chini, ambalo nalo ni la mbao nyembamba na lina noti moja linayoipenda kuliko zote. Juu kunabaki mlio wa chuma, chini kuna mdundo, na katikati, pale penye gitaa na mwimbaji, pana shimo.

Vijana watasema bongofleva haipigwi bila besi, na hawajakosea. Hata Leka Dutigite ya Kigoma All Stars ya mwaka 2012 inadai besi. Ugomvi wa safu hii ni na mpangilio wa manunuzi. Mwenye fedha ya kubana angeanza na spika mbili za maana, kila moja ikiwa na koni ya inchi tano hadi sita na nusu na twita yake, pamoja na amplifaya ya njia mbili yenye wati 30 au 50 za kweli. Sabufa ya kujitegemea itafuata mwakani, Mungu akipenda. Atakayeanza na boksi la spika tano na moja kwa bei ileile amegawa fedha zake mafungu sita, na kila fungu ni dogo.

Wati 30 zinatosha? Kwa sebule ya mita nne kwa nne, zinatosha na kubaki, mradi spika yenyewe si nzito kuamka. Kipimo chake huitwa unyeti, nacho huandikwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 90 na ya desibeli 84, zikipewa wati moja na kupimwa umbali wa mita moja, zimepishana desibeli 6. Kila desibeli 3 zinadai wati maradufu, kwa hiyo ya pili itaomba wati 4 pale ya kwanza inapotosheka na 1. Watu huhangaika na ukubwa wa amplifaya huku tofauti yenyewe imeandikwa nyuma ya spika. Hapohapo pana omu, kipimo cha ukinzani wa spika, 4 au 6 au 8. Amplifaya iliyoandikiwa omu 8 ikifungwa spika za omu 4 na kukesha nazo, fundi atapata mteja.

Resiva ya homu thieta ni jambo jingine. Hiyo ni amplifaya ya njia tano au saba iliyopewa akili ya kusoma sauti za Dolby na DTS na kuzigawa: mazungumzo spika ya kati, risasi na mvua kushoto, kulia na nyuma. Kwenye filamu iliyorekodiwa hivyo, inapendeza sana. Swali ni kinachotazamwa hasa. Filamu zinazozunguka kwenye flashi na vibanda umiza nyingi zimetafsiriwa na madijei, wanaosimulia juu ya sauti ya awali, ufundi uliovumishwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu. Nakala hizo kwa kawaida zina njia mbili za sauti, au moja iliyorudiwa. Spika za nyuma hazina chao. Zinakariri tu yaliyosemwa mbele. Mtazamaji wa filamu hizo, na wa mechi ya Simba na Yanga, anataka kusikia maneno. Spika mbili safi, zikiwekwa kushoto na kulia kwa televisheni naye akakaa katikati, humpa msimuliaji kana kwamba amesimama ndani ya kioo.

Picha hiyo ya sauti huharibika kwa waya. Waya mwekundu na mweusi zikibadilishwa kwenye spika moja tu, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inayeyuka na mwimbaji hajulikani alipo. Wengi wamezirudisha spika dukani kwa kosa la sekunde mbili.

Kisha kuna mitumba. Resiva nzuri iliyotumika hushinda boksi jipya la bei hiyohiyo, ila iliyotengenezwa kwa soko la Japani inakula volti 100, na ya Marekani volti 120. Ikichomekwa kwenye 230 bila transfoma, moshi wake ni wa bei ghali. Umeme wenyewe nao una historia hapa. Kwa miaka mingi Kigoma iliwaka kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mwaka 2022 ndipo mkoa ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Stabilaiza bado ina kazi, hasa umeme unaporudi ghafla baada ya kukatika.

Nyumba nayo ni sehemu ya mtambo, ingawa haiuzwi dukani. Sebule ya saruji na marumaru, isiyo na zulia wala pazia zito, hurudisha sauti kama mtungi. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unabaki hewani, ongeza pazia kabla hujaongeza wati. Boksi la besi likisukumwa kwenye kona, litaunguruma zaidi, jambo linalowafurahisha wageni kwa nusu saa. Na chini ya bati, mvua za Kigoma zikianza Novemba, hakuna amplifaya inayoshinda.

Macho ndiyo yanayodanganya zaidi. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wataalamu wa sauti wa kampuni ya Harman, waliwasikilizisha watu spika zilezile mara mbili, mara moja zikiwa zimefichwa na mara nyingine zikionekana. Alama zilibadilika pale macho yalipofunguliwa. Ukubwa na jina la spika vilipewa uzito ambao masikio hayakuutoa. Kigoma, mji uliojaa vitenge kutoka Kongo, hauna sababu ya kukosa pazia la jaribio hilo. Hata bila kitenge, mteja anaweza kumpa muuzaji mgongo.

Aende na flashi yake, yenye rumba moja ya zamani anayoijua kila noti na dakika tano za filamu yenye maneno mengi. Amwombe muuzaji arudishe besi na twita katikati, kisha alinganishe spika zote kwa sauti ya kiwango kimoja, kwa sababu iliyofunguliwa zaidi kidogo huonekana bora hata kama si bora. Alitafute gitaa la kati. Kama halisikiki pale barazani, halitasikika nyumbani Gungu wala Buzebazeba, na duka la pili haliko mbali.